Kilwa hadi Lamu: siku nane za kufuata kivuli

Vifaa vya safari hii vinaenea kwenye mkoba mmoja: futi ya mita tano, dira, timazi, daftari la miraba na tochi. Tochi ndiyo husahaulika, nayo ndiyo yenye kazi kubwa, maana nyumba za mwambao huficha siri zake gizani, kwenye ncha za boriti, chini ya ngazi na nyuma ya birika la maji la chooni. Tunachofuatilia ni kitu kimoja. Mtu akiingia kwenye nyumba ya zamani ya pwani saa nane mchana, mwili hupoa na sauti hushuka kabla hajakalishwa. Kinachofanya hivyo kinapimika kwa futi.

Siku ya 1: Kilwa Kisiwani

Kibali cha kuingia kwenye magofu hukatwa Kilwa Masoko, kisha ni kuvuka kwa mashua. Afadhali kuanzia Husuni Kubwa, kabla jua halijapanda. Kasri hili la mwanzoni mwa karne ya 14, linalonasibishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, limekaa juu ya jabali likitazama bahari: nyua, bwawa la pembe nane, vyumba zaidi ya mia, ngazi za kushukia ufukweni. Wageni hupiga picha bwawa. Sisi tunapima upana wa vyumba.

Vyumba ni virefu na vyembamba. Urefu unatofautiana, lakini upana unarudi palepale, kati ya mita 2.5 na 3. Sababu iko mikokoni. Boriti ya mkoko, yenye unene wa sm 12 hivi, haibebi dari zito la mawe na chokaa kwa zaidi ya hapo bila kupinda. Fundi hakuchora chumba kisha akatafuta mti. Alianza na mti.

Msikiti Mkuu unaonyesha jinsi walivyojaribu kuukwepa mti huo. Nyongeza ya kusini ya karne ya 14 ina matao na kuba za chokaa, na nafasi ilipatikana, ila nguzo bado zimekaribiana. Anayechora nyumba leo angetulia mbele ya nguzo hizo kidogo. Jamvi la zege (slabu) la upana wa mita 3 hutosha kwa unene wa sm 12 hivi. La mita 5 hudai karibu sm 20, na nondo zaidi, na bimu, na msingi mpana wa kubeba vyote. Mhandisi ndiye mwenye neno la mwisho, lakini hesabu haimbembelezi mtu. Sebule ya mita 5 kwa 6 ikishajengwa hupewa makochi pembeni na uwanja mtupu katikati, na watu wanaongea kwa kupaza sauti.

Siku ya 2: Nangurukuru hadi Dar es Salaam

Siku ya barabara, kupitia Daraja la Mkapa juu ya Rufiji. Kutoka dirishani mwa basi unasoma nyumba za miti na udongo, na ugonjwa wao ni mmoja: ukuta umeliwa chini, sm 30 za mwisho. Wengi husema udongo ni dhaifu. Kosa ni la upenu mfupi. Maji yanadondoka karibu na ukuta, yanaruka kutoka ardhini na kuupiga miguuni msimu hadi msimu, mpaka fito zinabaki wazi na mchwa wanapata mlango.

Dawa yake: msingi wa mawe uliopanda sm 30 hadi 45 juu ya ardhi, upenu wa sm 75 hadi 90, na mkanda wa kokoto chini ya mchirizi. Anayeezeka makuti asilaze paa. Chini ya nyuzi 40 hivi maji huchelewa kushuka, makuti yanabaki mabichi na kuoza. Bati lina ruhusa ya kulala zaidi, na ndiyo sababu mtu akibadili makuti kwa bati juu ya kenchi zilezile anajikuta na paa refu linalokula mbao bure.

Siku ya 3: Kariakoo na Magomeni

Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli ya zege iliyopinduliwa: kila mwavuli unapokea mvua, unaiteremsha kwenye mguu wake hadi kwenye matangi ya chini ya ardhi, na pengo kati ya paa na kuta linatoa hewa ya moto. Moto wa Julai 2021 uliliumiza vibaya. Wazo lake bado ni zima, na lingeweza kunakiliwa na kila zahanati na kila shule ya kata: paa la jengo la umma lifanye kazi tatu kwa mpigo, kivuli, maji na pumzi.

Hesabu ya maji haina fumbo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita mraba 80 mahali penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka hupokea lita 80,000. Ukitoa zinazomwagika na kukauka, weka matumaini kwenye 64,000. Lita 40 za kwanza za kila mvua zimwagwe, ndizo zenye vumbi na kinyesi cha ndege. Kinachoharibika kwanza ni mchirizi, kwa kufungwa bila mteremko. Upe sm 1 kwa kila mita 2, na vibeba mchirizi visiachane zaidi ya sm 90.

Jioni ni ya nyumba ya Kiswahili, zile za Magomeni na Ilala zilizosalia katikati ya maghorofa. Ramani yake kila mtu anaijua: baraza mbele, ukumbi wa katikati kuanzia mlango wa mbele hadi wa nyuma, vyumba vitatu kila upande, na uani kuna jiko, choo na kamba ya nguo. Ukumbi ule ni bomba la upepo. Milango yote miwili ikiwa wazi, hewa inavuka nyumba nzima na kila chumba kinavuta chake kupitia nafasi ya juu ya mlango. Nyumba inaanza kuchemka siku wapangaji wanapojaza ukumbi madebe na pikipiki, au mwenye nyumba anapojenga chumba cha saba palipokuwa mlango wa nyuma.

Hapa pia ndipo pa kulisoma jua, maana wanaolikosea ni wengi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Adhuhuri ya Juni jua liko upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo. Desemba liko kusini, nyuzi 73. Kwa hiyo upenu wa sm 90 hutia kivuli mita 1.5 za ukuta wa kaskazini, na karibu mita 3 za ukuta wa kusini. Geukia magharibi sasa. Saa kumi alasiri jua limeshuka hadi karibu nyuzi 30 au zaidi kidogo, na upenu uleule haufuniki hata sm 65. Hakuna upenu unaomuokoa mtu aliyeweka dirisha la kitanda magharibi. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini. Huko pia ndiko pepo zetu zinakotokea, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi na kusi kuanzia Aprili. Magharibi weka stoo, bafu, ngazi, au mwembe.

Siku ya 4: Unguja, Mji Mkongwe

Boti ya asubuhi, saa mbili hivi majini. Leo ni siku ya ukuta, na ndiyo siku ndefu kuliko zote.

Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe kwa chokaa, unene wa nusu mita au zaidi. Jiwe lina matundu, chokaa ina matundu, na maji yanayopanda kutoka ardhini huingia kila siku na kutoka kila siku. Ukuta ule unapumua. Unachukua muda mrefu kupata joto, na ukishalipata unalitoa usiku taratibu. Nenda nyuma ya nyumba yoyote iliyopigwa lipu ya saruji miaka ya karibuni uone kinachotokea. Saruji imeziba njia ya kutokea. Maji yanaendelea kupanda, sasa yanafika kimo cha bega, yamebeba chumvi. Chumvi inakauka na kuwa fuwele nyuma ya lipu, inasukuma, rangi inavimba kama andazi, kisha bamba zima linaanguka na ngozi ya jiwe. Mwenye nyumba anaita fundi, fundi anapiga saruji nzito zaidi.

Kazi ya chokaa inataka subira, na subira ndiyo bei yake. Chokaa iliyochomwa huzimwa kwa maji na kuachwa ndani ya shimo chini ya maji. Majuma machache ni kiwango cha chini, miezi mitatu ni bora. Punje ambazo hazijazimika vizuri zitavimba baadaye ukutani na kutoa vishimo. Mchanganyiko wa kawaida ni kipimo kimoja cha rojo ya chokaa kwa vitatu vya mchanga mkali uliooshwa. Mchanga wa ufukweni usiooshwa ni kuzika chumvi kwa mkono wako mwenyewe. Ukuta uloweshwe kwanza. Tabaka lisizidi sm 1. Likipita hapo hupasuka. Likishapigwa lifunikwe gunia bichi lisipigwe na jua, linyunyizwe asubuhi na jioni kwa juma zima, ndipo tabaka la pili lifuate. Chokaa haikauki tu. Inavuta hewa ukaa kutoka hewani na kugeuka jiwe tena, na ikikosa unyevu katikati ya kazi hiyo inabaki unga. Fundi mwenye haraka hutia saruji kidogo "ishike upesi". Hicho kidogo ndicho huanza kuziba matundu.

Juu kuna dari. Boriti zimepangwa kwa kukaribiana, juu yake mawe bapa, halafu sakafu ya kokoto, chokaa na udongo mwekundu iliyotwangwa kwa vipande vya mti mpaka inalia kama ubao. Sm 20 za sakafu hiyo ni karibu kilo 350 kwa kila mita ya mraba. Linapovuja paa, njia ya mkato ni kumwaga sm 5 za saruji juu. Kwa chumba cha mita 3 kwa 6 hiyo ni karibu tani mbili mpya, juu ya boriti ambazo tayari ncha zake zinaoza ndani ya ukuta ulioloa. Tochi inafanya kazi yake hapa. Mulika mahali boriti inapoingia ukutani, tafuta doa la maji, vumbi la mchwa, ufa wa mstari unaofuata ukuta. Choma ncha kwa bisibisi. Ikizama sm 2 boriti hiyo imekufa hata kama katikati inang'aa. Badilisha moja moja, dari likiwa limeegemezwa kwa nguzo za muda pande zote mbili, na ncha mpya ipakwe dawa ya mchwa na kuachiwa upenyo wa hewa, isizungushiwe saruji.

Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 lenye nguzo za chuma na varanda zinazolizunguka kila ghorofa, limesimama hapo Forodhani kwa jeraha. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Anayekarabati nyumba ya mawe na aanze na paa na mifereji, halafu egemeo, halafu ndiyo mambo ya rangi.

Siku ya 5: Ng'ambo

Majumba ya Michenzani, hapa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, yalipangwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi. Marefu, yamenyooka, yanatazamana kwenye njia panda pana. Kwa makazi yalikuwa hatua kubwa. Kinachokosekana ni kitu kidogo: baina ya ngazi na barabara hakuna kituo. Unatoka nyumbani, unashuka, uko hadharani.

Ukirudi vichochoro vya Mji Mkongwe kituo hicho kipo kila baada ya hatua kumi, nacho ni baraza. Vipimo vyake ni vya mwili wa mtu: kimo sm 40 hadi 45, kina sm 40 hadi 50 kwa kukaa, sm 60 kama watu watakunja miguu na kucheza bao. Iwe upande wenye kivuli cha alasiri. Uso wake uteremke kidogo kuelekea njiani, sm 1 inatosha, maji yasilale. Ikijengwa juu zaidi ya sm 50 wazee wataikimbia, na ikiwekwa vigae vinavyong'aa mvua ya kwanza itamwangusha mtu. Hospitali na mahakama zetu zingefaidika na baraza kuliko na viti vya chuma vya kufungwa pamoja. Mgonjwa anayesindikizwa na watu watatu hahitaji kiti, anahitaji ubavu wa ukuta.

Siku ya 6: Tanga, Mombasa, Gedi

Siku ya miguu na magurudumu. Kurudi bara, mpaka wa Horohoro, Mombasa. Mji wa Kale wa Mombasa unastahili jioni moja kwa ajili ya roshani zake za mbao. Gedi, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, tunaipitia upesi: vyumba vyembamba vilevile vya Kilwa, nyua zilizoshushwa chini ya usawa wa ardhi, visima na vyoo vya shimo. Zingatia nyua tu. Ua ulio chini hukaa kivulini saa nyingi zaidi, lakini bila mfereji wa kutolea maji unageuka bwawa. Wanaoiga ua huo leo husahau mfereji, na saruji ya kuzibia unyevu huja kuwa ghali kuliko ua wenyewe.

Siku ya 7: Lamu, ndani ya nyumba moja

Basi hadi Mokowe, kisha mashua. Nyumba ya mawe ya Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18, tunaisoma kwa kuingia, kwa sababu ilichorwa kwa hatua za mtu anayeingia.

Njia ina upana wa punda aliyebeba mizigo na mtu wa kumpisha. Unafika daka, kizingiti kilichofunikwa chenye baraza mbili za mawe: muuza samaki anaishia hapa. Mlango, kisha tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na hapo njia inapinda. Anayepita nje, hata mlango ukiwa wazi kabisa, anaona ukuta. Hapa pia ndipo ngazi ya sabule inapopandia, chumba cha mgeni cha juu, ili mgeni alale na kuamka bila kupita kwa wenye nyumba. Kona ile haikugharimu kitu. Ni mlango wa pili tu uliosogezwa kando na wa kwanza. Nyumba zetu mpya zina geti la milioni kadhaa, na likifunguliwa unaona televisheni.

Baada ya kona, kiwanda, ua ulio wazi kwa mbingu. Nuru yote na hewa yote ya nyumba huingilia hapa, kwa kuwa kuta za nje karibu hazina madirisha. Kisha vyumba vimepangwa sambamba kama kurasa: msana wa tini, msana wa yuu (ndivyo Waamu wanavyosema chini na juu), ndani, na nyuma kabisa nyumba ya kati, alikokaa mama aliyejifungua na alikooshewa maiti. Kila unapoingia zaidi unapanda hatua ndogo, nuru inapungua, sauti za njiani zinabaki nyuma. Hakuna korido. Faragha hapa inapatikana kwa umbali na kivuli zaidi kuliko kwa kufuli.

Ukuta wa ndani una zidaka, safu kwa safu za vishubaka vya lipu iliyochongwa. Huwekewa vyombo vya kauri, ndiyo, lakini simama katikati ya chumba na upige kofi, kisha upige kofi kwenye sebule yenye vigae na dari la jipsamu. Vishubaka vinavunja sauti, na vinaikamata nuru dhaifu na kuigawa. Vinaweza kujengwa leo kwenye ukuta mnene wa tofali: kina sm 15 hadi 20, upana usiozidi sm 40 bila lenta ndogo juu, na visitobolewe kwenye ukuta unaobeba bimu.

Chooni kuna birika, na kwenye birika samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Maji yakibadilishwa, mtu awakumbuke samaki.

Siku ya 8: Manda, na daftari

Asubuhi Maweni, kisiwani Manda, wanakochonga mawe ya kujengea. Jiwe lililochimbwa sasa hivi ni laini na hukatika kwa shoka. Likikaa hewani hukaza. Basi likatwe kwa kipimo siku ileile, na lisijengwe likiwa bado na maji ya ardhini. Boriti huagizwa kwa jina la unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mkoko na muia ndio hutoa boriti nzuri. Ukataji una sheria na kibali, na mti uliovunwa bila kibali ni hasara mara mbili siku unapokamatwa na mashua.

Kwa anayejenga kwenye kiwanja cha mita 15 kwa 20, si lazima kupata jiwe wala boriti ili aupate utulivu huu. Chukua tofali za kawaida na bati. Acha kiwanda cha mita 4 kwa 5 katikati au ubavuni. Chini ya mita 3 upana kinakuwa shimo la joto na harufu ya jiko. Vyumba vyote vya kulala viwe na tundu mbili za hewa kwenye kuta tofauti, moja ikitazama kiwanda. Dirisha la aluminiamu la kuteleza hufunguka nusu tu, na wavu wa mbu unapunguza tena, kwa hiyo dirisha la mita 1.5 linafanya kazi ya chini ya sm 75. Chagua la bawaba, au ongeza tofali za matundu juu yake, chini kidogo ya dari, hewa ya moto ipate pa kutokea. Kati ya bati na dari acha matundu yenye wavu kwenye upenu pande zote mbili, la sivyo jipsamu inakuwa mfuniko wa sufuria. Bati liwe la rangi hafifu. Mlango wa pili usikabiliane na wa kwanza: uusogeze angalau mita 1.2. Na mteremko wa kiwanda uamuliwe kabla zege halijamwagwa, sm 2 kwa kila mita kuelekea mfereji, mdomo wa mfereji uwe na chekeche linalong'oka kwa mkono, kwa sababu litaziba kwa majani ya mwarobaini kila baada ya siku nne.

Mashua ya kurudi Mokowe inategemea maji. Yakipwa sana abiria husubiri gatini, wamekaa kwenye ukuta ulio na kivuli.